Shajara ya mradi wa walimu wakuu Tandahimba: kutoka SWOT mpaka daftari la salfa

20 Januari 2024

Naanza kuandika humu kwa sababu mradi uliopita sikuandika chochote, na mwisho wake tulibaki kubishana nani alisema nini. Safari hii kila kitu kinaingia, hata aibu.

Mimi si mwalimu. Nimesomea utawala wa biashara, nikakaa miaka sita kwenye ghala la korosho nahesabu magunia na kugombana na mizani. Dada yangu ndo mwalimu, anafundisha darasa la pili, na miaka yote hiyo nikienda kwake jioni namkuta analalamika, mara chaki zimeisha tarehe kumi, mara mwalimu mkuu yuko wilayani toka Jumatatu, mara kikao kimetangazwa saa tatu kinaanza saa nne ya siku hiyohiyo. Mimi nakunywa chai nawaza moyoni, haya ghalani kwetu tungeyamaliza kwa wiki mbili.

Wazo lenyewe sijalianzisha mimi. Marekani kuna vyuo ambavyo shule zao za biashara zinafundisha viongozi wa shule, Rice kule Houston waliwahi kufanya, Darden ya Chuo Kikuu cha Virginia wanafanya, yaani mwalimu anakaa anasoma bajeti na mikakati na kusimamia watu kama anavyosoma meneja wa kiwanda. Sisi tuna ADEM kule Bagamoyo, wanafundisha uongozi wa elimu, na waliopita pale unawaona tu wanavyoongea. Ila wengi ninaowajua mimi waliteuliwa wakiwa na chaki mkononi, kesho yake wakakabidhiwa mhuri na funguo za stoo, ndo imetoka hiyo.

Kikundi chetu kimepata hela kidogo, za mwaka mmoja. Walimu wakuu 12 wa shule za msingi, kata tatu za Tandahimba, mkoa wa Mtwara, Jumamosi moja kila mwezi. Maafisa elimu kata wako watatu, mmoja kasema atakuja mwenyewe kukaa darasani, wawili wamesema tutaangalia. Mada sita zimeshaandaliwa kwenye laptopu, nzuri, zina michoro ya mishale.

17 Februari

Kikao cha kwanza. Wamekuja 11, mmoja amefiwa.

Nilikodi projekta Mtwara mjini, nikapanda nayo gari nimeipakata kama mtoto mchanga, maana lami inaishia Mnivata na baada ya hapo ni vumbi na mitambo ya wakandarasi. Nafika, umeme hakuna. Nikatumia karatasi za kubandika ukutani.

Tukaanza na SWOT. Kila mtu aandike uwezo wa shule yake, udhaifu, fursa na vikwazo. Dakika ishirini watu kimya, wanaandika kwelikweli, roho yangu kwatu. Nikakusanya nikabandika. Karatasi kumi na moja za shule kumi na moja, na ungezichanganya usingejua ipi ya nani. Udhaifu: upungufu wa walimu. Vikwazo: mwamko mdogo wa wazazi. Uwezo: ushirikiano mzuri baina ya walimu. Fursa: uwepo wa serikali ya kijiji. Mmoja kaandika fursa ni "uwepo wa mafunzo haya", huyo nadhani alinionea huruma.

Wakati wa chai mzee mmoja, amebakiza miaka mitatu astaafu, akanivuta pembeni. "Mwanangu usivunjike moyo, ila haya makaratasi sisi tumeshayajaza mpaka basi." Akaanza kuhesabu kwa vidole. Ikaja OPRAS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa serikali, toka 2004, unakubaliana malengo na mkubwa wako, mnasaini wote wawili, fomu inaingia kwenye faili, na hakuna hata siku moja mtu alirudi kumuuliza vipi lile lengo la tatu. Ikaja Matokeo Makubwa Sasa 2013, utaratibu umetoka Malaysia, wataalamu wamejifungia wiki kadhaa wametoka na mipango, shule zikapangwa kwa matokeo ya mtihani nchi nzima. Sa hivi PEPMIS, mfumo wa kupima kazi kwa mtandao, unajaza kazi zako kwenye simu, kwa bando lako. "Kila baada ya miaka kadhaa anakuja mtu na somo la biashara. Sasa umekuja wewe, karibu sana."

Alisema karibu sana kwa heshima kabisa, ndo maana iliniuma.

Nimerudi gesti nikaanza kufuatilia. OPRAS ukiifuata mpaka kwenye mizizi unakuta ni ile menejimenti kwa malengo, mambo ya Peter Drucker wa Marekani, miaka ya 1950. Kwa hiyo mimi nimesafirisha projekta kutoka Mtwara kuwaletea kitu walichokwisha kukitumia miaka karibu ishirini na kukichoka.

Halafu kuna hili la pili nimelikwepa mwenyewe. Meneja wa kampuni anaajiri, anafukuza, anapanga bei, anachagua wateja. Mwalimu mkuu haajiri mtu, mwalimu wake analetwa na barua na anaondoka na barua, mtoto yeyote wa kijijini akifika lazima ampokee na ndivyo inavyotakiwa, na bei haipo toka elimu bila ada ilipoanza Januari 2016. Hela je? Ruzuku ya uendeshaji ni 10,000 kwa mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka, katika hiyo 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, shuleni inafika 6,000. Shule moja kati ya hizi ina watoto 412, piga mwenyewe: 2,472,000 kwa mwaka, sawa na 206,000 kwa mwezi. Chaki, karatasi za mitihani, bawaba ya mlango, michezo, vyote humo, tena vifungu vyake vimeshapangwa. Posho ya madaraka ya mwalimu mkuu mwenyewe ni 200,000 kwa mwezi, yaani hela ya kuendesha shule nzima na posho ya mtu mmoja zinakaribiana kabisa. Sasa hapo unamfundisha mkakati wa ushindani wa kitu gani?

Nimelala saa nane usiku.

23 Machi

Leo hakukuwa na kikao, Ramadhani, tulikubaliana tusikutane mpaka baada ya Idi. Nimeenda tu kumtembelea yule mzee wa vidole nyumbani kwake, jioni. Nikamkuta kakaa kwenye mkeka chini ya mwembe, miwani puani, daftari mapajani, lile kubwa la kurasa nyingi lenye jalada gumu, kona zimelika.

Nikadhani ni andalio la masomo. Aah wapi. Mikorosho.

Ana miti 160, na kila mstari wa miti una ukurasa wake. Salfa ya unga, dawa ya mikorosho, robo kilo kwa mti mmoja, kwa hiyo duru moja kilo 40, anapuliza kila baada ya wiki tatu, duru tano, kilo 200, mifuko minane ya kilo 25. Pembeni kaandika tarehe ya kila duru ya mwaka jana, nani alishika mashine, mafuta lita ngapi, na penseli nyekundu pale mvua ilipopiga siku ya pili ikabidi arudie. Kuna mti una alama ya msalaba, nikamuuliza, akasema huo ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, unauanzaga huo kabla ya mingine, "ndo kengele yangu, nikiuona huo umeanza kuwa mweupe kwenye maua najua siku tatu nyingi." Ukurasa wa nyuma kaandika makadirio ya kilo, na mbele yake kilo zilizopatikana kweli, na tofauti, na sababu ya tofauti kwa maneno mawili matatu. "Vibarua wizi." "Upepo." "Mimi mwenyewe, semina Dodoma."

Nimefanya kazi na mameneja wa ghala wenye shahada mbili ambao hawajawahi kuandika "mimi mwenyewe" kwenye safu ya sababu.

Nikamuuliza, mwalimu, shuleni kwako kwa mwezi mnatumia boksi ngapi za chaki? Akanyamaza. Akavua miwani. "Mpaka niangalie risiti." Mitihani ya kila mwezi ya darasa la saba inakula rimu ngapi? "Mwalimu wa taaluma ndo anajua." Kisha akaanza kucheka mwenyewe, anacheka mpaka mkewe akatoka jikoni kuuliza kuna nini, maana kelele zote hizo na magharibi haijafika. "Bwana Ghala kanikamata," akamwambia. (Ndo jina langu huku sasa, Bwana Ghala.)

Tukafuturu, muhogo wa nazi na chai ya tangawizi, na hapo nikamuuliza vizuri kwa nini. Jibu lake nimeliandika kwenye simu lisinipotee: "Shamba likiharibika linaniuliza mimi. Shule ikiharibika wanauliza walimu wako wangapi."

Kwa hiyo mimi nilikuja kuwafundisha biashara watu wanaoifanya kila siku. Kati ya hawa 12 tisa wana mikorosho, wawili wako kwenye bodi za AMCOS zao (vyama vya ushirika vya wakulima), mama mmoja ndo mtunza hazina wa vikoba vya wanawake 30 na hajawahi kupotelewa na shilingi. Biashara wanaijua, ila wakifika getini kwa shule wanaivua kama ndala msikitini.

Mada sita nimezifuta. Ile yenye mishale nimeibakiza kwa kumbukumbu.

20 Aprili

Kikao kifupi. Nimewaambia kila mtu aje na daftari lake la kitu chochote anachokisimamia nyumbani, shamba, kuku, kikoba, duka. Tumesoma madaftari ya watu tu asubuhi nzima. Kazi ya mwezi huu: fungua ukurasa mmoja wa shule kwa mtindo wako uleule, kwa sababu umeshauzoea. Wengine wameanza na chaki, wengine na maji, mmoja na funguo za madarasa maana kila wiki zinapotea.

Pia nilimleta muuguzi mmoja kutoka hospitali kuelezea zile S tano wanazozitumia wao, Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia, kitu cha Wajapani, hospitali zetu walianza nacho Mbeya 2007. Akawapeleka moja kwa moja kwenye stoo ya shule tulipokutania. Aisee. Madawati mabovu mpaka dari, kwenye kona kuna vitabu vya mtaala uliopita bado viko kwenye nailoni, ndani ya debe kuna kengele ya shule iliyosemekana imeibiwa miaka miwili nyuma. Sasambua ilichukua saa mbili. Shikilia tutaona.

18 Mei

Kimbunga Hidaya kimetukosakosa huku lakini barabara ya Dar imekatika Somanga, magari yamelala njiani siku na siku, na humo ndani kuna boksi letu la vijitabu tulivyochapisha. Kwa hiyo leo sikuwa na kijitabu.

Sikuwa na cha kugawa, ndo nikafanya kitu ambacho vyuo vya biashara wanakifanyaga sana, wanafunzi hawapewi nadharia, wanapewa kisa cha kampuni kilichoandikwa kinaishia njia panda, halafu wanaulizwa wewe ungefanyaje. Nikaandika kisa kwa mkono usiku, kurasa mbili, shule ya kubuni, nikakisoma kwa sauti kama hadithi. Paukwa! nikasema kwa utani, wakaitika pakawa, wakuu wa shule kumi na wawili.

Wakabishana saa mbili na nusu bila mimi kusema neno. Vijitabu vikifika ntavitumia kufungia maandazi.

8 Juni

Kisa cha uji. Hiki ntakiandika kirefu kwa sababu ndo mara ya kwanza nimeona mradi umekuwa wa kwao.

Kisa ni cha kubuni ila kila mtu alijiona ndani yake. Shule ya watoto 412, uji ulianza Januari kwa michango ya wazazi, Machi umekufa, masufuria yamerudi stoo, mpishi anadai. Waraka wa serikali uko wazi, mchango ni wa hiari na mtoto harudishwi nyumbani wala hanyimwi eti mzazi hajatoa. Kamati ya shule imeitisha mkutano wa wazazi, wamekuja 19. Wewe ndo mwalimu mkuu. Unaanzia wapi?

Wakaanza na mwamko. Wazazi hawana mwamko, wazazi wa huku unawajua, wakivuna korosho wananunua pikipiki. Nikaacha iende kama dakika kumi. Baada ya hapo nikachora ubaoni miezi kumi na miwili na kuuliza, nyumba ya kawaida kijijini hela inaingia lini? Hapo wote wakaongea kwa pamoja maana ni nyumba zao. Oktoba minada inaanza, Novemba na Desemba malipo yanashuka, Januari imebaki ya kusukumia, Februari Machi hakuna kitu kabisa, Mei unatafuta hela ya kupulizia, Julai Agosti unaishi kwa mkopo na ufuta kama unao. Shule tunaomba mchango lini? Januari, pamoja na sare na madaftari. Na tukikosa tunarudi tena Machi.

Kimya. Mtu wa AMCOS akasema polepole, "Yaani tunaenda kumkopa mtu siku anayolala njaa."

Basi nikadhani tumemaliza, tuhamishe mchango uende Novemba. Nilishaanza hadi kuandika. Gramu 50 za unga kwa mtoto, watoto 412, kilo 20.6 kwa siku, kilo 103 kwa wiki ya siku tano, karibu tani moja kwa wiki kumi, nagawa kwa kaya, najisikia vizuri. Yule mama wa vikoba akanyoosha mkono. "Bwana Ghala, wewe unapiga hesabu ya hela. Kwani uji unapikwa kwa hela?" Akaenda ubaoni, akaniomba chaki, akachora mstari wa pili chini ya mstari wangu: mahindi yanatoka lini, muhogo upo lini, mtama lini. Hela haipo Juni ila mahindi yapo, sasa hivi, kwenye kila nyumba, na ukisubiri hela ya Novemba utayanunua mahindi hayohayo kwa bei ya dukani yakiwa yameshapanda. Kwa hiyo nafaka Juni na Julai, hela Novemba, na hela hiyo ni ya sukari, kuni na mpishi tu. Muhogo mkavu wakati wowote kwa asiye na mahindi. Asiye na chochote mtoto wake anakunywa kama wengine.

Kwenye biashara hii inaitwa kupanga mtiririko wa fedha, nilifundishwa muhula mzima, na nilikuwa nimeshaikosea.

Shule nne zimesema zitajaribu kweli, si kwenye kisa. Mmoja kauliza nafaka itakaa wapi, panya je? Tukarudi kwenye stoo tuliyoisasambua Aprili. Imebaki safi nusu. Nusu nyingine kuna pikipiki ya mtu.

10 Agosti

Neno mwamko nimelipiga marufuku kwenye vikao, anayelitamka anatoa 500 ya soda. Mpaka leo tumepata soda saba.

Mwalimu mkuu mmoja alileta utoro wake, watoto wa kike wa la tano na la sita. Tukatumia ule mtindo wa Toyota wa kuuliza kwa nini mara tano, ila nilimkataza kujibu akiwa amekaa, arudi akaangalie kwa macho kwanza. Kaenda kutazama daftari la mahudhurio siku kwa siku badala ya jumla ya mwezi. Jumanne na Ijumaa, karibu zote. Kwa nini? Siku hizo maji yanafunguliwa kwenye kioski cha kijiji. Kwa nini watoto? Mama yuko shamba, foleni ni ndefu, mtoto anawekwa na ndoo toka alfajiri. Kwa nini wa kike? Hapo kikao kizima kikachangamka na ntaruka mengine yaliyosemwa. Kwa nini foleni isiishe mapema? Koki zilikuwa tatu, mbili zimekufa. Kwa nini hazijatengenezwa? Kila mtu anadhani ni kazi ya mwingine. Juu huku kwenye uwanda wa Makonde maji ni kilio cha miaka na miaka, hakuna mwalimu mkuu wa kukimaliza, ila koki mbili si kilio, koki mbili ni fundi na nusu siku. Kamati ya shule ikaenda kwa watu wa maji wa kijiji, koki moja imepona, nyingine bado. Majaribio ya wiki pia yamehamishwa kutoka Ijumaa kwenda Alhamisi, na hilo halikugharimu hata senti.

Utoro haujaisha, umepungua Jumanne, Ijumaa uko palepale na hajui kwa nini, anaendelea kuuliza.

14 Septemba

Hakuna kikao. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa tarehe 11 na 12, watu wamechoka. Wawili wamehamishwa, mmoja kaenda Nanyumbu, mwingine karudishwa kuwa mwalimu wa kawaida na sikuambiwa sababu wala sijauliza. Miezi nane ya kazi imeondoka na barua mbili. Mrithi wa mmoja nimempigia, kapokea vizuri, ila kasema madaftari hakuachiwa. Kweli, daftari ni mali ya mtu. Hilo sikuliona mapema, lilitakiwa liwe kitu cha kwanza kuliona.

26 Oktoba

Leo ni kujianika.

Minada imeanza, bei imepita elfu nne kwa kilo, kijiji kizima kiko shambani kuokota, na najua kila mwaka msimu huu watoto wanapotea shuleni. Mwezi Agosti nikajifanya mjanja, nikaweka kipimo na zawadi: shule itakayokuwa na mahudhurio ya juu Oktoba inapata rimu kumi. Rimu kumi kwa shule ya 206,000 kwa mwezi si mchezo.

Jumatano nikaenda shule mbili bila kutoa taarifa. Daftari la darasa la sita: wapo 38 kati ya 41. Nikaingia darasani nikahesabu vichwa, 24. Nikahesabu tena na mwalimu wa darasa akiwepo, bado 24. Akaangalia chini. Mwalimu mkuu akanitoa nje, hakukasirika, akaniuliza tu, "Bwana Ghala, wewe si umekaa na korosho? Kangomba unaijua?"

Naijua sana. Kangomba ni ule ununuzi wa vichochoroni nje ya stakabadhi ghalani (mfumo rasmi wa kuuza kupitia ghala na mnada), mnunuzi anakuja na kipimo chake mwenyewe, anakijaza anavyotaka, na mkulima kwa shida zake anakubali. Miaka sita nimekaa nikiilaani. Na mimi nimekuja na kipimo changu mwenyewe, nikawaonesha rimu kumi watu wenye shida ya karatasi, sasa nashangaa nini wakijaza?

Zawadi nimeifuta, rimu nimezigawa sawa kwa shule zote, hata rimu nzima haikufika kwa kila moja. Mahudhurio ya kangomba yameandikwa kwenye daftari la serikali na siwezi kuyafuta. Kwenye kikao leo nimeyasema yote haya mbele yao, kwenye safu ya sababu nikaandika "mimi mwenyewe". Mzee wa mikorosho akapiga makofi peke yake.

Uji: shule nne zilizoahidi, tatu zina nafaka stoo. Ya nne walikusanya magunia manane, sita yakaliwa na dumuzi kwa sababu hawakutia dawa.

30 Novemba

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa Jumatano, walimu kadhaa walikuwa wasimamizi, nusu ya wenyeviti wa vijiji tuliokubaliana nao mambo ya uji sasa si wenyeviti tena. Tunaanza kujitambulisha upya.

Hali ya mradi ilivyo: walimu wakuu kumi kati ya 12 wa mwanzo, na mmoja mpya amejiunga mwenyewe bila kuitwa. Visa vilivyoandikwa ni saba, vitano wameandika wao, kile cha kengele ndani ya debe kinachekesha kuliko vyote na ndo kinachobishaniwa zaidi. Maafisa elimu kata waliosema tutaangalia, mmoja amekuja vikao vitatu, mwingine bado anaangalia. Kuhusu madaftari tumekubaliana yawe mawili, la nyumbani lako na la shule la shule, linabaki ofisini na mhuri juu yake, ukihama unalikabidhi na funguo. Hela imebaki ya vikao viwili, vitatu tukiacha soda.

Mchango wa Novemba sina namba ya kusema, malipo ya mnada kwenye kata moja yamechelewa na hakuna aliyethubutu kuita mkutano kabla hela haijashuka, wamejifunza.

Jana usiku mzee kanitumia picha wasapu. Daftari jipya, jalada gumu. Ukurasa wa kushoto chaki, boksi sita kwa mwezi, mwezi wa mitihani nane. Ukurasa wa kulia miezi yote ya mwakani, na kila mwezi kinachoingia na kinachotoka. Machi kaizungushia penseli nyekundu. Chini kaandika, "Hapa tunapungua 43,000 na sijaona pa kuitoa. Njoo na akili zako za ghala, mimi za shamba zimegoma." Nimeitazama Machi yake tangu asubuhi na mimi sijaona pa kuitoa. Jumatatu napanda gari.